Kikombe cha kila siku ndo kinaziua kaktasi zenu

Joto la mwaka huu halijafika hata katikati ya Oktoba na tayari nimeshaitwa Isevya, Kanyenye, Cheyo na juzi Ipuli, zote hapahapa Tabora, na kote nakutana na kitu kilekile, kaktasi iko kwenye chungu imelala upande, shina kwa chini limekuwa la kahawia, ukilibonyeza kidole kinazama, na mwenye nyumba ananiambia bibi shamba mi nilikuwa naimwagilia kila siku, sijaruka hata moja. Ndo hapohapo. Hiyo kila siku ndo imeiua.

Leo naongelea hilo tu. Kwamba inataka jua, chungu kiwe na matundu, mchanga uwe mwingi kuliko udongo wa mbolea, hayo mnayajua na wengi mmeyafanya vizuri, nimeona kwa macho yangu. Kinachowaangusha ni maji ya kipindi hiki cha joto, na kinachowapeleka huko ni huruma. Mtu anatoka nje saa 8 mchana, jua la Tabora linamchoma utosini, anaona udongo wa juu umekuwa vumbi, anasema kama mimi nina kiu basi na hii ina kiu, anachota kikombe. Kesho kikombe. Keshokutwa kikombe. Baada ya wiki tatu ananipigia simu.

Niwaeleze ya Cheyo maana nilikaa nayo karibu. Mama mmoja ana kaktasi ndefu yenye mbavu, urefu kama mkono wa mtu mzima, ameipakata kwenye treni kutoka Dar mpaka hapa, yaani anaipenda kwelikweli. Nimefika asubuhi, tukasalimiana, mwangaluka mayu, mwangaluka, akanipeleka moja kwa moja barazani. Udongo juu mkavu kabisa, unapeperuka. Nikaizungushia gunia nisichomwe na miiba, nikaishika chini nikaivuta taratibu, ikatoka bila kupinga hata kidogo. Kaktasi yenye afya haitoki hivyo jamani, inang'ang'ania. Mizizi mingi imebaki kwenye chungu, ile iliyokuja nayo ni ya kahawia, ukiushika mzizi kwa vidole viwili ukavuta, ganda linateleza lote kama soksi unabaki na kiuzi chembamba. Alafu harufu, ile ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye glasi wiki nzima. Nikachimba kile chungu kwa kijiko: vidole viwili vya juu vumbi, cha tatu unyevu, kuanzia cha nne kwenda chini ni tope. Akaniambia lakini bibi shamba juu palikuwa pakavu. Ndio mama, juu pakavu, ila mizizi iliyooza iko chini kwenye tope.

Ukimwaga kidogo kila siku unalowesha juu, jua linakausha juu, kile kidogo kilichoshuka hakitoki tena, kinajikusanya chini siku hadi siku. Macho yako yanaona vumbi, mizizi inaogelea.

Sasa kwa nini joto ndo linazidisha ubaya wakati mtu angetegemea joto likaushe. Kaktasi asili yake ni Amerika, Meksiko na kwingineko huko, na haipumui kama mchicha wako. Mchicha mchana unafungua vitundu vya kwenye majani, unavuta maji kwa kasi na kuyatoa hewani, ndo maana ukiusahau siku moja unalala. Kaktasi mchana inafunga. Vitundu vyake vinafunguka usiku hewa ikipoa, inaingiza hewa ya ukaa, inaiweka akiba mpaka jua litoke iitumie kujitengenezea chakula. Kwaiyo kile kikombe chako cha saa 8 mchana kimekuta mlango umefungwa. Inavuta kidogo sana, maji yanabaki kwenye udongo, na kile chungu kama ni ndoo nyeusi ya plastiki iliyopigwa jua toka asubuhi, udongo wake unaweza kupita nyuzi 45. Umeshapika uji na mizizi imo ndani. Udongo ukijaa maji hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi, na ukungu wa kuozesha mizizi ukipata joto na majimaji pamoja umepata kwao.

Kuna mtego mwingine hapa nataka muuelewe vizuri kwa sababu unawanasa hata wenye vitalu. Mizizi ikishaoza haiwezi kuvuta maji, kwaiyo kaktasi inaanza kusinyaa, mbavu zinaingia ndani, inanywea, na mwenyewe akiona imenywea anasema unaona sasa, kiu hiyo, anaongeza kikombe cha pili. Anamnywesha aliyezama. Kunywea kwa kiu na kunywea kwa kuoza vinafanana ukiwa mbali, sogea uishike. Ya kiu imesinyaa sawasawa mwili mzima, ni ngumu, rangi ya kijani imefifia kidogo ila haina madoa, chungu ukikinyanyua ni chepesi. Ya kuoza imelegea chini karibu na udongo, pana doa la kahawia au manjano linalopanda, ukiitikisa inacheza, na chungu ni kizito. Chungu kizito na kaktasi imenywea, usithubutu kuongeza maji, ing'oe uangalie.

Haya tuje kwenye lini. Achaneni na kalenda, achaneni na kuangalia juu. Chukua kijiti cha mshikaki, kile cha mbao, kisukume pembeni ya ukuta wa chungu (sio katikati, utachoma mizizi) mpaka kiguse chini. Kiache dakika 10. Sio kuchoma na kuchomoa hapohapo, mbao inahitaji muda wa kunyonya, dakika 10 kamili weka hata alamu. Kikitoka na alama nyeusi ya unyevu au udongo umeganda, rudi ndani ukaendelee na shughuli zako, upime tena baada ya siku 3. Kikitoka kikavu na safi mpaka ncha, bado usimwagilie. Najua hapo ndo mnaponikatalia, nasema bado. Hesabu siku 2 zaidi kama ni chungu cha udongo, siku 4 kama ni plastiki au kopo la bati, ndo umwagilie. Kaktasi inakaa na maji yake mwilini, siku hizo chache haziiumizi kitu, ila zinahakikisha kule chini kabisa pamekauka kweli.

Kwa hali ya hapa Tabora Septemba na Oktoba, chungu cha udongo chenye mdomo wa sentimita 10 mara nyingi kinaangukia siku 7 mpaka 10, cha plastiki siku 10 mpaka 14, na likiwa jungu kubwa la sentimita 20 hata wiki 3 linafika. Nawapa hizi namba mjue pa kuanzia kupima, sio mzibandike ukutani mkatupa kijiti.

Saa: jioni, jua linapozama, kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 1 usiku. Chungu kimepoa, udongo umepoa, kaktasi inakaribia kufungua vitundu vyake, ina usiku mzima wa kunywa kabla jua halijarudi. Wa Kigoma kando ya ziwa hewa yenu ina unyevu zaidi ya huku na vyungu vinachelewa kukauka, nyie nawashauri alfajiri saa 11 na nusu mpaka saa 12, na katikati ya maji na maji muongeze siku 3 au 4 juu ya hizo nilizotaja. Saa 6 mchana mpaka saa 10 jioni hakuna kumwagilia, iwe Tabora iwe Kigoma, iwe imenywea vipi.

Kiasi: ukishaamua kumwagilia mwagilia kweli. Chungu cha sentimita 10 robo ya chupa ya maji ya nusu lita. Cha sentimita 15 chupa hiyohiyo ikipungua kidogo kujaa, kama mililita 400. Cha sentimita 20 lita 1. Na usimimine yote kwa mkupuo. Udongo uliokauka sana unayakataa maji, yanakimbilia ukutani yanatokea chini, we unafurahi yametoka kumbe katikati hapajaguswa. Mimina nusu, subiri dakika 10, mimina iliyobaki, mpaka uyaone yanatoka kwenye matundu. Yakishatoka subiri dakika 15 unyanyue chungu umwage maji yote ya kwenye kisahani. Yote. Nimekuta nyumba kisahani kina maji mpaka viluwiluwi vya mbu wanacheza, alafu mtu anashangaa kaktasi inaoza na mbu wamejaa nyumbani.

Na mimina kwenye udongo, sio utosini kwa kaktasi. Zile za duara zina kishimo juu na ndo penye kukua, maji yakituama pale na joto hili panaoza kuanzia juu.

Kitu kingine kidogo ila kimeshamharibia kijana mmoja mwenye kitalu barabarani vyungu karibu meza nzima: mpira wa maji ulioachwa juani. Maji yaliyolala ndani ya mpira, au yanayotoka kwenye tangi jeusi la juu ya nyumba mchana, yanatoka ya moto kabisa, hayavumiliki mkononi. Yeye alikuwa anafungua bomba anaelekeza moja kwa moja kwenye kaktasi. Yaache yatiririke kwenye mgomba au mpapai mpaka yapoe, weka kiganja chako chini, ukiona unaweza kukiacha pale bila kusumbuka ndo upeleke kwenye vyungu. Bora zaidi chota asubuhi kwenye ndoo, iweke kivulini, utumie jioni.

Kama unaona jua linazidi na moyo hautulii, basi fanya kitu na huo mkono unaotaka kuchota kikombe: sogeza chungu. Kitoe karibu na ukuta wa bati na kwenye sakafu ya saruji, kiweke kinapopata jua la asubuhi na kivuli chepesi kuanzia saa 6 mpaka saa 9. Chini ya mwembe hapana, kivuli chake ni kizito mno, kaktasi itarefuka nyembamba na kupauka. Au tumbukiza ile ndoo nyeusi ndani ya chungu kikubwa cha udongo, ukuta wa pili unakinga jua. Hiyo ndo huruma inayosaidia.

Mvua za Novemba zikianza msiendelee na mwendo wa Oktoba. Joto bado lipo ila hewa imebadilika, mawingu yapo, udongo haukauki kama mwanzo. Ingiza vyungu chini ya upenu, na mara nyingi wiki 3 mpaka 4 zinapita kijiti hakijatoka kikavu.

Nisisahau, kuna kaktasi zisizofuata haya yote. Ile ya Krismasi, yenye vipande bapa vinavyoning'inia na maua ya pinki, asili yake ni misitu ya Brazili na sio jangwa, yenyewe unamwagilia udongo wa juu ukikauka kina cha vidole viwili, na ikae kivulini. Zile za kichwa chekundu au njano zimebebeshwa juu ya shina la kijani la kaktasi nyingine, hilo shina linataka maji mapema kidogo, kijiti kikitoka kikavu usisubiri zile siku za ziada. Na mnyaa na wenzake wenye maziwa meupe sio kaktasi, ingawa kwenye maji usimamizi wake unakaribiana, tahadhari tu maziwa yake yasikufike jichoni.

Ikishaoza chini msitupe. Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, kata juu ya sehemu iliyooza, uangalie palipokatwa. Ukiona hata kaduara kadogo ka kahawia katikati, futa kisu tena, kata tena kipande juu yake, endelea mpaka nyama iwe safi yote bila doa. Ukiacha kadoa kamoja tu umefanya kazi ya bure, kataendelea kupanda. Hicho kipande kizima kilichobaki kiweke kivulini penye hewa siku 7 mpaka 10 kidonda kifunge kiwe kigumu kama ganda, alafu kisimamishe juu ya mchanga mkavu uliochanganywa na chenga za mkaa, na maji hakuna mpaka siku 14 zipite na ukikivuta kidogo kigome kutoka. Chungu cha zamani kisuguliwe na sabuni, ule udongo usirudishwe.

Ikikubali utaona ncha inatoa miiba mipya yenye rangi kali na chini imesimama imara.

Ile ya Cheyo tulikata mara tatu ndo tukafika penye nyama safi, kimebaki kipande kama shubiri moja. Saivi kiko juu ya gazeti kwenye rafu ya sebuleni, leo siku ya 6, kidonda kimeshaanza kuwa cheupe na kikavu. Jana usiku kanipigia kuuliza kama anaweza kukinyunyizia maji kidogo tu maana joto limezidi. Nimemwambia mama, hapana, usikiguse, Jumamosi nakuja mwenyewe tukipande.