Mwendokasi inapita mbele ya fremu yako? Fanya haya kabla kijiko hakijafika

Kama una fremu Mwenge, Tegeta, Tabata au popote ambapo wapimaji wameanza kupita na vile vigingi vyao, tafadhali soma yote usiruke. Mi nilikuwa na duka la sare za shule na madaftari Mtoni Mtongani, ubavuni kabisa mwa Kilwa Road, na ujenzi wa awamu ya pili ya barabara za mabasi ya mwendokasi hapa Dar ulinikuta hapohapo nikakaa nao mwanzo mpaka mwisho. Nimeona majirani zangu wanafunga mmoja mmoja, watu wazuri wachapakazi, na wengi wao hawakufunga kwa sababu ya kukosa mtaji, walifunga kwa sababu walianza kujipanga siku mashimo yameshachimbwa mlangoni, na siku hiyo umeshachelewa.

Kitu kinachoua duka kwenye ujenzi ni mteja kupoteza njia. Mteja wako akishindwa kukufikia wiki mbili tatu anatafuta duka lingine nyuma huko mtaani, anazoea, anaanza kukopeshwa huko, na akishakopeshwa basi huyo amehama, hata uje uwekewe lami ya kung'aa harudi. Sa kila ninachokuelekeza hapa chini kina lengo hilohilo, mteja asizoee kwingine.

Na hesabu miaka, sio miezi. Awamu ya kwanza ya Kimara hadi Kivukoni ni kama kilomita 21, ujenzi ulianza 2012 na mabasi yakaanza kubeba watu Mei 2016. Yetu ya Mbagala ni kilomita 20 na kitu, kazi ilianza 2019 na mabasi tumeyapanda 2025. Mtu akikwambia "miezi sita tu mama tunamaliza" msikilize kwa heshima, afu panga kama hujamsikia.

Kwanza ujue unavunjwa au unabaki

Hii ndo inaamua mengine yote. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, zamani ilikuwa mita 22.5. Ndo maana kwenye kuta za majengo wanachora X nyekundu au X ya kijani. Nyekundu maana yake wewe ndo uliifuata barabara, uko ndani ya hifadhi ya zamani, fidia hakuna. Kijani maana yake barabara ndo imekufuata wewe, unatakiwa ulipwe kabla hujaguswa. Chukua futi kamba upime mwenyewe kutoka katikati ya barabara usisubiri rangi, mi nilipima na mwanangu alfajiri saa kumi na moja barabara ikiwa tupu, fremu yetu ikawa nje ya alama kama hatua nne hivi, nikapumua.

Kama ni kijani na wewe ni mpangaji, sikiliza vizuri hapa maana wengi wanaachia hela yao. Jengo ni la mwenye nyumba na fidia ya jengo ni yake, lakini kanuni za uthamini za 2001 zinatambua pia kupotea kwa faida ya biashara, wanachukua faida halisi ya mwezi wanazidisha kwa miezi 36. Sa faida ya mwezi utaithibitishaje kama huna daftari? Anza leo. Daftari la mauzo la kila siku, risiti za mzigo wa Kariakoo, leseni ya biashara, karatasi za TRA, meseji za lipa namba usizifute. Na siku mthamini anayopita uwepo dukani wewe mwenyewe na mzigo uwe kwenye rafu, usimwachie kijana wa duka. Soma fomu kabla ya kusaini, ipige picha. Kuna tarehe ya ukomo wa kuhesabu mali, ukijenga kibaraza baada ya hapo hakihesabiwi.

Ulizia mchoro, sio tarehe

Kwenye mikutano ya serikali ya mtaa watu wote wanauliza "mtamaliza lini", na mimi niliuliza hivyohivyo mara ya kwanza. Swali lenye hela ni lingine. Uliza kituo kitakaa wapi, kivuko cha waenda kwa miguu kitakuwa wapi, magari yatageuzia wapi, na mbele ya fremu zetu kutabaki na nafasi ya gari kusimama au hakuna.

Sababu ni hii. Mabasi ya mwendokasi yanapita katikati ya barabara na vituo viko hukohuko katikati, sio pembeni kama daladala. Kwa hiyo ule msururu wa watu waliokuwa wanashuka kwenye daladala mlangoni kwako wananunua daftari na kalamu wanaondoka, huo unahama wote kwenda pale kivuko kilipo. Fremu iliyokuwa ya dhahabu inakuwa ya kawaida, na ile ya uchochoroni iliyokuwa inadharauliwa, kama imeangukia mbele ya kivuko, bei yake inapanda. Addis Ababa walipojenga treni yao ya mjini iliyofunguliwa 2015, reli ilipita katikati ya barabara na uzio juu, na sehemu nyingi mtu anayetaka kuvuka kwenda duka la upande wa pili inabidi azunguke mbali mpaka apate njia. Ni kitu kilekile, iwe reli iwe basi, barabara iliyokuwa moja inakuwa pande mbili zisizojuana.

Mi nilikuwa na wateja wengi wa ng'ambo ya barabara, wazazi wa shule mbili za msingi. Nilivyoonyeshwa mchoro na kijana mmoja msimamizi, mwenye roho nzuri kweli, akaniwekea kidole pale kivuko kitakapokuwa, nikajua hawa wazazi hawatakuwa wanavuka hapa kwangu tena. Nikaenda upande ule nikaongea na mama mmoja anayeuza genge, nikamwachia sampuli za sketi na mashati kila saizi, mzazi anampimia mtoto pale, mama ananipigia simu, natuma. Kila shati nampa mia tano yake. Hiyo peke yake ilinilipia kodi miezi mingi.

Kodi ya fremu

Usilipe mwaka. Usilipe hata miezi sita kama umeshaona vigingi. Kaa na mwenye fremu mapema, kwa utaratibu, nenda nyumbani kwake jioni na sio kwa simu, mwambie mzee wangu hali inayokuja ndo hii, naomba nilipe mwezi kwa mwezi au mitatu mitatu, na siku njia ya kuingilia ikifungwa kodi ishuke nusu mpaka ifunguliwe. Wengi wanakubali ukiwaeleza mapema maana wanajua ukiondoka fremu itakaa tupu, nani atapanga mbele ya shimo. Mkikubaliana andikeni, hata karatasi ya daftari, sahihi mbili na mjumbe akiwepo. Jirani yangu wa vipodozi alilipa mwaka mzima mwezi wa pili, mwezi wa tano mabati ya kuzungushia eneo la ujenzi yakawekwa, na hela haikurudi.

Kazi inavyoenda na wewe unafanya nini

Inaanza kuhamisha miundombinu, mabomba ya maji, nguzo za umeme, nyaya za simu za chini. Hapo maji na umeme vitakuwa vya kubahatisha, weka simtank au madumu, na kama unauza vya baridi usijaze friji. Hatua hii watu wanaidharau kwa sababu barabara bado inapitika. Wewe itumie hiyohiyo kukusanya namba za simu za wateja, kila anayenunua mwandike jina na namba, watoto wake wangapi wako darasa la ngapi. Mi nilipata kama mia nne hivi kabla ya mabati, wale ndo waliokuja kuniokoa.

Afu inakuja mitaro. Hii ndo mbaya kuliko zote wala nisikufiche. Kijiko kinachimba mtaro wa maji ya mvua mbele ya mlango wako kabisa, kina cha kumzidi mtu mzima, na unawekewa mbao mbili za kuvukia. Nakumbuka bibi mmoja alikuja kumnunulia mjukuu wake sare, akafika mpaka kwenye mbao, akaweka mguu mmoja, ubao ukanesa, akaurudisha. Akasimama pale ng'ambo, hatua tatu tu kutoka kaunta yangu, akawa ananionyesha kwa kidole "ile, ile ya bluu, ya juu", mimi nainyanyua moja moja mpaka tukaelewana, kijana akavuka akampelekea. Siku ileile nikachukua mbao nne nyingine nikazigongelea pamoja, nikaweka na fito ya kushikia pembeni kama mkono wa ngazi, nikaweka gunia juu zisiteleze mvua ikinyesha. Gharama yake haikufika elfu hamsini. Usisubiri uletewe, fanya hilo siku ya kwanza, na usiku weka taa ya sola hapo maana watu wanatumbukia.

Wakati wa mitaro hamisha mzigo mkubwa ukae nyumbani au stoo ya mtaa wa nyuma, dukani baki na sampuli. Kirikuu, yaani kile kigari kidogo cha mizigo, haitafika mlangoni na kubebesha vijana mabunda kutoka mbali kunakula faida yote. Tafuta bodaboda mmoja mwaminifu anayejua michepuko ya kila siku, maana njia iliyokuwa wazi asubuhi mchana imefungwa, mkubaliane bei ya kila mzigo.

Vumbi lina kazi yake. Kwenye kifusi na kushindilia vumbi linaingia kila mahali, na kwa sisi wa mashati meupe ni hasara tupu, shati likishashika rangi ya udongo kwenye mkunjo hata ulifue linabaki na mstari. Funga kila nguo kwenye nailoni yake, tundika pazia zito mlangoni, lowesha mbele ya duka asubuhi na saa nane mchana. Boza la maji linatakiwa lipite kumwagilia, lisipopita piga picha uandike, nitakuja hapo. Vaa barakoa, kwa kweli, kifua kilinibana miezi miwili.

Mwisho ni zege. Njia za mabasi zinamwagwa zege nzito, na zege inahitaji siku 28 kufikia nguvu yake iliyokusudiwa, wanaifunika na kuimwagia maji, hapo hakuna gari linaloruhusiwa kukanyaga. Ulizia watamwaga lini usawa wako na uingize mzigo wa mwezi mzima kabla. Kwangu iliangukia karibu na Januari, msimu wa kufungua shule, ningekuwa sijauliza ningelia.

Hela

Kausha damu, ile mikopo ya haraka ya riba kubwa, usiiguse. Najua inavyovutia mauzo yakishuka, inakuja meseji hela iko kwenye simu dakika tano, lakini mkopo wa marejesho ya kila siku kwenye duka lisilo na mauzo ya kila siku ni kifo. Bora upunguze mzigo uuze kwa bei ya kununulia upate mzunguko. Kama una kikoba waambie wenzako mapema hali yako kabla hujashindwa kurejesha, wanaelewa.

Afu TRA, hii wengi hawaijui. Kodi ya makadirio unalipa kwa awamu nne kwa mwaka kulingana na mauzo yaliyokadiriwa, na mauzo yakishuka unaweza kwenda kuomba makadirio yarekebishwe. Nenda na lile daftari na picha za mbele ya duka, kabla awamu inayofuata haijafika. Ukikaa kimya unalipia mauzo ya mwaka jana.

Kulalamika kwa maandishi

Miradi hii inajengwa kwa mikopo, ya kwetu Benki ya Maendeleo ya Afrika, ya Gongo la Mboto na ya Tegeta Benki ya Dunia, na hao wakopeshaji wanataka mradi uwe na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wananchi. Kwa hiyo kuna ofisa jamii wa mradi, mtafute ujue jina na namba yake kabla hujawa na shida. Kugombana na dereva wa kijiko ni kupoteza nguvu, yeye kaambiwa achimbe. Siku walipotupasulia bomba maji yakaingia fremu tatu, tulipiga kelele siku nzima hakuna kilichotokea. Kesho yake tukaandika barua moja, watu kumi na moja tukasaini, picha tukabandika, mtendaji wa mtaa akagonga muhuri, tukapeleka nakala mbili na yetu ikasainiwa imepokelewa. Baada ya siku nne wakaja kuziba na wakatuwekea vivuko vya chuma mlango hadi mlango. Andikeni kikundi, sio mtu mmoja mmoja, na ombeni kitu kimoja kinachoeleweka.

Mabati yakitoka

Usisaini mkataba mpya wa fremu wiki ya kwanza kwa furaha. Nenda ukasimame mbele ya duka lako saa kumi na mbili jioni, robo saa, hesabu watu wanaopita kwa miguu. Kesho yake muda uleule nenda pale kivuko cha kituo kinaposhushia watu, hesabu tena robo saa. Mi kwangu nilipata 38, kwenye kivuko nikaacha kuhesabu nilipofika 200 na dakika zilikuwa bado. Nikachukua kifremu kidogo pale, nusu ya kile cha zamani, na ile namba ya zamani ya simu nimeibakisha ileile kwenye bango.