Mkongwe wa rock akiwa peke yake stejini, usikimbilie siti za mbele
Jamani kama kuna mkongwe wa rock anapiga peke yake kwenye ukumbi mdogo, yaani yeye na gitaa lake tu bila bendi, msigombanie siti za mbele kabisa. Pale unaishia kuangalia viatu na kidevu, na sauti ya spika inakupita juu ya kichwa. Chukua safu ya sita mpaka ya kumi hivi, katikati, na kama kuna piano sogea kushoto kidogo, kawaida upande huo ndo unaona vidole vinavyotembea. Bruce Springsteen, mkongwe wa rock wa Marekani, alivyopiga Broadway (eneo la kumbi za maigizo New York) 2017, ukumbi ule wa Walter Kerr haufiki hata viti 1,000, na alichanganya stori na nyimbo mwanzo mwisho, kwa hiyo usiende ukitegemea kurukaruka. Akianza kukaza nyuzi usipige kelele za kuomba nyimbo, mara nyingi ndo anabadilisha tyuni na stori tamu inatokea hapo hapo. Simu zima kabisa sio sailenti, ukumbi mdogo hata mtetemo unasikika. Ah, na pita msalani kabla, shoo za hivi nyingi hazina mapumziko.