Kupima na Kubadilisha Sensa ya Joto la Maji ya Injini

Gari linalowaka kwa shida, likishawaka linatoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli, huku feni ya rejeta ikizunguka hata injini ikiwa baridi, mara nyingi lina hitilafu kwenye sensa ya joto la maji au kwenye waya zake. Kompyuta ya injini huitegemea sensa hii kupanga kiasi cha petroli, kwa hiyo ikipewa taarifa kwamba injini ina baridi kali, itaendelea kuongeza petroli hata pale injini ilipokwisha kupata moto.

Nakuomba sana usinunue sensa mpya kabla ya kupima. Niliwahi kuletewa gari lililokwisha kufungwa sensa mpya mbili na ugonjwa ukabaki palepale. Soketi yake kwa nje ilikuwa safi, lakini nilipovuta waya mmoja taratibu, ulinibaki mkononi: shaba ndani ya ganda lake ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani hadi ikawa unga.

Hatua ya kwanza ni kusoma kodi, yaani alama za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya injini, kwa mashine ya kupimia gari. P0117 humaanisha kwamba volti za sakiti ziko chini mno, na P0118 kwamba ziko juu mno. Kodi hizi huzungumzia sakiti nzima, yaani sensa, soketi, waya na hata kompyuta yenyewe. Ukikuta P0128, injini haifikii joto linalotakiwa, na wa kushukiwa kwanza ni themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto) iliyokwama ikiwa wazi.

Hatua ya pili hufanywa asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha linganisha kwenye mashine joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Nambari hizo mbili zinapaswa kupishana kwa nyuzi chache tu. Hewa ikisoma 24 na maji yakisoma -40, sakiti imekatika mahali fulani, kwa maana -40 ndiyo nambari ambayo kompyuta nyingi huonyesha zisipopata mawasiliano yoyote na sensa.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua, nayo haihitaji zaidi ya kipande kifupi cha waya. Zima swichi, chomoa soketi ya sensa, kisha iwapo ina waya mbili tu, ziunganishe pini zake kwa kipande hicho na uwashe swichi tena. Nambari ikiruka kutoka -40 hadi zaidi ya 120, waya na kompyuta ni vizima na sensa ndiyo mbovu. Ikibaki -40, tafuta palipokatika kwenye waya au soketi. Kama tatizo lako ni la upande wa pili, yaani injini baridi inasoma joto kubwa kupita kiasi, chomoa soketi bila kuunganisha chochote: nambari ikishuka hadi -40, sensa imepiga shoti kwa ndani, isiposhuka, waya zimegusana au zinagusa bodi ya gari. Soketi yenye waya zaidi ya mbili usiiunganishe hivi. Fuata mchoro wa umeme wa gari husika.

Thibitisha kwa mita ya umeme upande wa omu, yaani wa kupima ukinzani. Ukinzani wa sensa hupungua kadiri joto linavyopanda. Kwenye magari mengi huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Hitilafu inayokuja na kuondoka huonekana ukiitumbukiza ncha ya sensa kwenye maji unayoyapasha moto polepole, kwani usomaji wa sensa mbovu huruka badala ya kushuka kwa utaratibu.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi fupi, ila isubiri injini ipoe kabisa, kwa sababu maji ya rejeta iliyo na moto yana shinikizo na huunguza vibaya. Punguza kidogo kulanti, yaani maji ya kupozea injini, bonyeza kufuli ya soketi, fungua sensa kwa boksi spana inayokaa sawasawa, kisha weka mpya pamoja na washa yake mpya (pete ya kuzuia kuvuja). Anza kuikaza kwa vidole, maana uzi wa aluminiamu (meno ya tundu inamokazwa sensa) huharibika upesi, na umalizie kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji wa gari.

Jaza kulanti na utoe hewa yote, kwa kuwa povu la hewa likikaa kwenye ncha ya sensa husababisha usomaji wa uongo. Futa kodi, washa injini na uitazame nambari ikipanda taratibu bila kuruka hadi feni ianze kuzunguka. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha injini, rudia ule ulinganisho wa hatua ya pili.