Kabla hujanunua chupa ya NAC kwa ajili ya OCD

Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni. Nafunga kufuli, nasukuma kitasa, nahesabu hadi nane, nashuka ngazi, halafu napanda tena kuhakikisha. Hiyo ni OCD, ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia. Kwa hiyo siku niliposoma kwamba OCD huenda inahusiana na mkazo wa oksidi ubongoni, niliagiza usiku uleule chupa ya NAC, yaani N-asetilisisteini, kidonge kinachosemekana kupunguza mkazo huo. Ningekuwa na wa kunishika mkono, ningeanza hivi.

Kwanza elewa kinachodaiwa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Seli zikitumia oksijeni kupata nguvu hubakiza chembe huru, kali, zinazotafuna mafuta ya kuta za seli, na ubongo una mafuta mengi ya aina hiyo. Mwili una kinga yake, hasa glutathioni. Chembe zikiielemea kinga, huo ndio mkazo wa oksidi.

Sasa uliza: kilipimwa nini, na kilitolewa wapi? Tafiti kadhaa zimekuta malondialdehaidi, yaani masalia ya mafuta yaliyokwisha kutafunwa, ikiwa juu zaidi kwa wenye OCD. Lakini ni damu iliyopimwa, si ubongo. Masalia hayohayo hupanda kwa mvuta sigara, na yamekutwa juu kwenye sonona na skizofrenia pia. Mimi wakati huo nilikuwa silali kwa sababu ya ule mlango. Anayekuambia ana hakika kipi kimezaa kipi, mwache aendelee na safari yake.

Ukishafika hapo, tazama majaribio kwa wagonjwa wenyewe. NAC huupa mwili sisteini, malighafi ya glutathioni. Hospitalini ni dawa ya siku nyingi ya mtu aliyezidisha parasetamoli. Jaribio moja la 2012, watu 48 kwa wiki 12, lilionyesha nafuu kwa walioichanganya na dawa zao za kawaida. Jingine la 2015, watu 44 kwa wiki 16, gramu 3 kwa siku, halikukuta tofauti ya maana na kidonge tupu. Tena NAC hugusa glutamati, kemikali ambayo seli za ubongo huwasiliana nayo. Hata ikikusaidia, huenda oksidi haihusiki kabisa.

Usidhani antioksidanti, yaani kitu cha kuzima zile chembe huru, haina madhara. Finland, mwaka 1994, wanaume wavuta sigara waliopewa beta-karotini, antioksidanti nyingine, walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. NAC nayo ikikutana na nitrogliserini ya moyo hushusha presha na kuleta maumivu makali ya kichwa. Mtajie daktari kila unachomeza, na dawa yako ya OCD inayogusa serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, usiiache ukingoja chupa ifanye kazi.

Ukikubaliana naye ujaribu, pima. Jazeni kipimo cha Yale-Brown cha ukali wa OCD, maswali 10, alama 0 hadi 40, siku ya kuanza na tena wiki ya 12. Katikati usikiguse. Nakujua, utataka kujipima kila asubuhi, na kujipima huko ni kitasa kingine.

Hapa ndipo mimi nilipoanguka. Wiki ya tatu nilijikuta saa saba ya usiku nimemwaga vidonge vyote mezani, navihesabu mara ya nne. Navinusa kimoja kimoja nijue kama vimeharibika, wakati NAC hunuka mayai viza tangu kiwandani! Nimetafuta dawa ya kurudiarudia nikapata kitu kipya cha kurudiarudia.

Nilipomweleza mtaalamu wangu alicheka kidogo, kisha akaifanya chupa kuwa zoezi. Ndiyo tiba ile ya kuikabili hofu bila kutenda kile inachokuamuru, iliyoanza na mwanasaikolojia Victor Meyer mwaka 1966. Toa kidonge bila kuhesabu vilivyobaki. Funga kifuniko mara moja. Ondoka, wasiwasi uje, usiujibu. Mara ya kwanza nilikaa kitini nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu karibu dakika arobaini, ndipo ukaanza kushuka wenyewe.

Wiki ya 12 nilikuwa nimetoka alama 25 hadi 17. Ni kidonge au ni kifuniko? Chupa ilipokwisha sikuagiza nyingine, ila zoezi la kifuniko nililihamishia mlangoni.