Filamu ya kutazamia Jua: jinsi ya kuichagua, kuikagua na kuifunga

Watu huniuliza wanunue filamu ipi, yaani ule utando mwembamba wa kuchuja mwanga unaowekwa mbele ya darubini, nami huwarudishia swali: nyuma ya hiyo filamu kutakuwa na jicho au kamera? Mtu akishajibu hilo, nusu ya kazi imekwisha. Nusu iliyobaki ni kuifunga isitoke, na hapo ndipo wengi tunapoharibu.

Hatua ya 1: Soma namba, jina la bidhaa baadaye

Uwezo wa filamu kuzuia mwanga huandikwa kwa namba yenye herufi OD. Kila namba inapopanda kwa moja, mwanga unaopita hupungua mara kumi. Filamu ya OD 5 hupitisha sehemu moja tu kati ya 100,000. Hiyo ndiyo ya jicho, na kamera pia huifurahia.

Ipo nyingine ya OD 3.8, iliyotengenezwa kwa ajili ya picha tu. Mtu akiziona namba hizo kwenye bahasha anaweza kudhani 5 na 3.8 ni majirani, kumbe ya pili hupitisha mwanga karibu mara 16 zaidi. Kampuni ya Baader huuza aina zote mbili kwa jina lilelile la AstroSolar, kwa hiyo ukiagiza kwa jina peke yake unaweza kuletewa usiyoitaka. Anayeanza namshauri achukue OD 5 tu. Ile ya 3.8 ina faida kwa anayekuza picha sana na kuhitaji shata (kifungua-mwanga cha kamera) ya haraka, na hata yeye atazame kwenye skrini ya kamera, asiweke jicho kwenye kitundu cha kutazamia.

Hatua ya 2: Chagua rangi utakayoishi nayo

Filamu nyeusi ya plastiki iliyochanganywa kaboni huonyesha Jua la rangi ya chungwa. Wageni huipenda, maana ndivyo walivyozoea kuliona Jua vitabuni. Filamu iliyopakwa metali huonyesha Jua jeupe, au lenye ubuluu kidogo. Mimi hutumia ya metali, kwa sababu madoa ya Jua hutoka makali zaidi: kiini cheusi, kisha ukingo wa kijivu unaokizunguka. Rangi ya chungwa nikiihitaji naiongeza baadaye kwenye kompyuta.

Usitegemee kuona ndimi za gesi zinazoruka pembezoni mwa Jua. Hizo zinahitaji kichujio cha hidrojeni-alfa, kifaa tofauti kabisa na cha gharama kubwa kuliko filamu.

Hatua ya 3: Kataa vibadala

Miwani ya jua, hata ukivaa miwili kwa mpigo, haifai. CD haifai. Kioo kilichofukizwa moshi, picha za eksirei na mikanda ya zamani ya kamera, vyote weka kando. Vingi kati ya hivyo hufifisha mwanga unaoonekana huku vikiacha miali ya infraredi ipite, na retina haina neva za maumivu za kukuonya. Mtu huenda kulala akiwa mzima, akaamka na doa katikati ya kila anachokitazama.

Vichujio vya ND vya wapiga picha, vile vya kupunguza mwanga, navyo vina kasoro hiyohiyo: kamera inaweza kuvistahimili, lakini si vya jicho.

Kuna mtego mwingine wenye sura ya uaminifu. Miwani ya karatasi ya kupatwa kwa Jua hufuata kiwango cha ISO 12312-2, na iliyo halisi ni salama kwa jicho tupu. Mtu huivaa, kisha anachungulia kwenye darubini isiyo na kichujio. Lenzi yenye upana wa milimita 100 hukusanya mwanga zaidi ya mara 200 ya ule unaoingia kwenye mboni iliyopanuka hadi milimita 7, tena huukusanya mahali pamoja. Miwani hiyo itatoboka ikiwa usoni pake. Kwa sababu hiyohiyo, ukikuta kichujio kidogo cha kioo cha kuskrubu upande wa jicho, kama walivyokuwa wakiviweka kwenye darubini za bei rahisi, kitupe. Kinakaa pale joto linapokusanyika na hupasuka bila taarifa. Filamu hukaa mbele, kabla mwanga haujaingia.

Hatua ya 4: Ikague gizani

Ingia chumba chenye giza, washa tochi kali, shika filamu mbele yake na uipitishe polepole kutoka kona hadi kona. Filamu nzuri ya metali hupakwa pande zote mbili ili kitundu cha upande mmoja kizibwe na metali ya upande wa pili. Ukiona nukta ya mwanga kama nyota, au mkunjo mkali ambapo metali imebanduka, eneo hilo halifai. Mimi huzungushia alama kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha hukata vipande vyangu mbali nalo.

Rudia ukaguzi huu kila unapotoka na darubini.

Hatua ya 5: Tengeneza kifuniko

Filamu ya ukubwa wa A4 inatosha darubini yenye mdomo usiozidi milimita 180 hivi. Ikate ikiwa katikati ya karatasi mbili safi za kuandikia, zote tatu kwa mkasi mmoja, ili vidole visiiguse.

Kata pete mbili za kadibodi ngumu. Bandika selotepu ya pande mbili kwenye pete ya kwanza, ilaze mezani gundi ikitazama juu, kisha iteremshe filamu juu yake bila kuivuta. Hapa mikono huwasha: filamu inaonekana imelegea, ina mawimbi, nawe unatamani kuikaza kama ngozi ya ngoma. Iache. Mawimbi madogo hayadhuru picha, ila filamu iliyovutwa hupotosha mwanga na inaweza kuchanika. Funika kwa pete ya pili, kisha zungushia ukanda wa kadibodi unaokaza kwenye mdomo wa darubini.

Sasa kifunge. Cha kwanza nilichotengeneza nilikishikiza kwa kipande kimoja cha selotepu, kwa kuwa asubuhi ilikuwa tulivu. Jua lilipopanda gundi ikalainika, na upepo mmoja tu ukakibeba. Nilikuwa nimeinama nikichora madoa daftarini, ndiyo salama yangu. Plastiki ndani ya lenzi ya kutazamia ilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya waya ulioungua. Siku hizi natumia vipande vitatu vya utepe mpana, kisha nageuza kifuniko chini na kukitikisa. Kikisogea, naanza upya.

Darubini ndogo ya kulengea, ile iliyopanda mgongoni mwa kubwa, ing'oe au iwekee filamu yake. Watoto huikimbilia hiyo kwanza.

Hatua ya 6: Lenga kwa kivuli

Usitazame Jua ili kulitafuta. Tazama kivuli cha darubini ardhini na uizungushe hadi kivuli kiwe kifupi kuliko vyote. Jua litakuwa ndani au jirani sana. Toka asubuhi, kabla ardhi haijapata moto na kuanza kuichezesha hewa.

Hatua ya 7: Piga picha

Ukubwa wa Jua kwenye sensa, kile kibamba cha kamera kinachopokea picha, unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi kwa 109: lenzi yenye fokasi ya milimita 400 hutoa duara la milimita 3.7 hivi. Kwa OD 5 anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi) na sekunde 1/500, kisha panda na kushuka. Ukiwa na OD 3.8, mpangilio huohuo ungekupeleka 1/8000, ambayo kamera nyingi hazifiki, hivyo ziba tundu la lenzi hadi f/11 au zaidi. Zima fokasi ya kujiendesha, kuza skrini kwenye ukingo wa Jua au kwenye doa, na ukaze kwa mkono. Simu nayo inaweza kupiga kupitia lenzi ya kutazamia, mradi filamu iko mbele ya darubini.

Wakati wa kupatwa kwa Jua, filamu hutoka tu kwa dakika zile ambapo Jua limefunikwa lote, na hurudi kabla nukta ya kwanza ya mwanga haijachomoza. Likipatwa kwa pete au kwa sehemu, filamu haitoki kabisa.

Ukimaliza, geuza darubini mbali na Jua kwanza. Kisha ndipo ufungue kifuniko.