Jinsi ya kusimamia wamisionari vijana katika mji wa ugenini

Nilipopewa kazi hii nilijiandaa kwa maswali magumu ya imani. Swali la kwanza lilikuja saa tano usiku: ufunguo umepotea, tulale wapi? Hatua zilizo hapa chini nimezipata kwa njia hiyo, nyingi baada ya kukosea.

Hatua ya 1: Shughulikia karatasi kabla watu hawajafika

Hakikisha viza inaruhusu kazi ya dini. Nchi nyingi haziruhusu mtu kuhubiri kwa viza ya utalii, na kijana wa miaka 19 akiulizwa na ofisa wa uhamiaji atasema kila kitu bila kuulizwa mara mbili. Toa nakala mbili za kila pasipoti: moja abaki nayo mwenyewe, nyingine ikae kwako. Tarehe ya viza kuisha iandike kwenye kalenda ya ukutani, pamoja na alama ya onyo miezi miwili kabla yake.

Weka pia namba za ubalozi wa kila mmoja. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, kifungu cha 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kutaka wawakilishi wa nchi yake wajulishwe. Wafundishe kuomba hivyo kwa lugha ya mji huo, siku ileile wanapojifunza salamu.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza usifundishe kitu

Wale, waoge, walale. Jioni tembea nao hadi kituo cha basi na kurudi. Kisha warudie wao wakiwa mbele, wewe ukifuata nyuma umefunga mdomo. Wa kupotea apotee leo, ukiwa hapo.

Hatua ya 3: Wapange wawili wawili

Mpango huu ni wa zamani. Katika Luka 10 Yesu anawatuma wale sabini wawili wawili. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo lina wamisionari vijana wengi duniani, halimwachi mmisionari bila mwenzi, na huwabadilisha wenzi mara kwa mara. Mimi pia nabadilisha, kila baada ya wiki sita hivi. Chini ya hapo hawajazoeana. Zaidi ya hapo wanaanza kusemeana kwa macho tu.

Usiwaweke pamoja wawili wanaotoka kijiji kimoja, hata wakikuomba kwa machozi. Watazungumza lugha yao kutwa na mji utabaki nje ya dirisha. Usiwaweke pamoja wasemaji wawili pia, wala wanyamavu wawili. Lakini kitu ninachokiangalia kuliko vyote ni vyombo vichafu. Sijawahi kusuluhisha ugomvi wa kidini kati ya wenzi, ila wa sufuria nimesuluhisha hadi nimechoka. Kwa hiyo zamu za kuosha, kupika na kufagia ziandikwe na zibandikwe jikoni, na wao wenyewe ndio wazipange. Ukiwapangia wewe, kila sufuria isiyooshwa itakuwa kosa lako.

Hatua ya 4: Siku moja ya wiki iwe yao

Iite siku ya maandalizi: kufua, kununua chakula, kunyoa, kucheza mpira. Usiibe saa zake kwa mikutano. Niliwahi kuziiba, na wiki iliyofuata wote walikuwa na mafua na hasira.

Fedha za chakula wape kwa wiki, si kwa mwezi.

Hatua ya 5: Tafuta upweke kabla haujakutafuta

Wiki ya kwanza kila kitu ni kipya. Mimi huwa macho kuanzia ya tatu. Tatizo ni kwamba Kiswahili chetu kinatuficha: ukimuuliza mtu habari atajibu nzuri, hata kama ana homa. Basi acha kuuliza habari. Uliza: jana mlikula nini? Nani aliwafungia mlango usoni? Mara ya mwisho ulicheka lini? Kijana mmoja alikuwa akinijibu vizuri kila Jumatatu, mpaka nilipoona viatu vyake havina vumbi. Alikuwa hatoki, mwenzake alikuwa akimfichia siri kwa huruma.

Simu ya nyumbani isiwe zawadi ya tabia njema. Hadi mwanzoni mwa 2019 wamisionari wa kanisa nililolitaja walipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Februari mwaka huo wakaruhusiwa kupiga kila wiki. Wapo wazee waliosema vijana watadeka. Kwangu, kijana aliyemsikia mama yake jana anafanya kazi vizuri leo. Akiacha kula au kulala kwa siku kadhaa, mpeleke kwa daktari. Maombi yaendelee njiani.

Hatua ya 6: Simu ya usiku

Pokea. Uliza mambo matatu kwa mpangilio huu: mko wapi, kuna aliyeumia, mwenzako yuko hapo? Mahubiri yasubiri asubuhi. Kama pasipoti imeibwa, polisi kwanza ili mpate taarifa ya maandishi, kisha ubalozi na ile nakala yako. Kabla hujarudi kulala, andika saa na tukio kwenye daftari. Asubuhi utaulizwa na wakubwa zako, na usingizi utakuwa umekula nusu ya ulichosikia.