Lengo Kwanza, Vidokezo Baadaye: Swali la SAT Linalowaponyoka Watoto Wetu

Kama una kijana sekondari huko Marekani, au wewe mwenyewe umehamia na unataka kuingia chuo, jina la SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo, umeshalisikia. Mtihani huu siku hizi hufanywa kwenye kompyuta, kwa programu ya Bluebook. Walioko nje ya Marekani walianza kuufanya hivyo Machi 2023, na walioko ndani Machi 2024. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54, na humo kuna aina moja ya swali ambayo nataka tuizungumze peke yake, kwa sababu naona vijana hodari wakiikosa ilhali ni alama za kuokota.

Swali lenyewe huanza kwa kusema kwamba mwanafunzi fulani, akitafiti mada yake, ameandika vidokezo. Vinafuata vidokezo vichache, kila kimoja sentensi fupi. Kisha linakuja lengo: mwanafunzi anataka kusisitiza jambo fulani, au kutambulisha kitu fulani kwa watu fulani. Chini yake kuna sentensi nne, nawe unachagua ile inayotumia vidokezo kutimiza lengo hilo vizuri zaidi.

Hebu tulitazame kwa mfano niliotunga mwenyewe.

– Ziwa Baikal liko Siberia, Urusi.
– Lina kina cha mita 1,642, na ndilo lenye kina kirefu kuliko yote duniani.
– Ziwa Tanganyika liko Afrika na limepakana na nchi nne.
– Lina kina cha mita 1,470, na ni la pili duniani.
– Maziwa yote mawili yako kwenye mabonde ya ufa.
– Uso wa Baikal huganda barafu kila majira ya baridi. Wa Tanganyika haugandi.

Lengo: mwanafunzi anataka kusisitiza jinsi maziwa haya yanavyofanana. Sentensi ni hizi:

A. Ziwa Baikal la Siberia lina kina cha mita 1,642, ilhali Ziwa Tanganyika la Afrika lina mita 1,470.
B. Ziwa Tanganyika, lililopakana na nchi nne za Afrika, ni la pili duniani kwa kina.
C. Ingawa yako katika mabara tofauti, Baikal na Tanganyika yote yako kwenye mabonde ya ufa, na hakuna maziwa yanayoyazidi kwa kina.
D. Uso wa Ziwa Baikal huganda barafu kila majira ya baridi, lakini wa Ziwa Tanganyika haugandi.

Niliwahi kukaa mezani na binti mmoja wa jamaa zetu juu ya swali la namna hii. Alichagua sentensi iliyofanana na A. Nilipomwambia siyo, alirudi kwenye vidokezo, akaweka kidole kwenye tarakimu moja baada ya nyingine, akanitazama: "Lakini ni kweli, mjomba! Yote yameandikwa hapa." Alikuwa sahihi kabisa. Yote yalikuwa yameandikwa pale. Ila hakuna aliyemuuliza kama ni kweli.

Hapo ndipo swali zima lilipo. Mara nyingi sentensi zote nne zinasema kweli, kwa hiyo ukizipima kwa ukweli utazunguka humohumo hadi muda uishe. Kinachopimwa ni kama sentensi imefanya kazi iliyotumwa. A inayataja maziwa yote mawili na ina tarakimu nzuri, lakini kazi yake ni kuonyesha yanavyopishana. B imesahau ziwa moja. D ni tofauti tupu. C ndiyo iliyotumwa.

Tazama pia neno "ingawa" linaloanza C. Vijana wengine wamefundishwa kusaka maneno ya dalili: wakiona "ingawa" au "lakini" wanakata, maana wanajua ni maneno ya tofauti. Uzito wa sentensi hauko kwenye kipande cha "ingawa". Kile kinasogezwa kando tu ili kipande kikuu kipate nafasi, na kipande kikuu hapa kinasema "yote yako". Kwa hiyo mfundishe kijana akiulize kipande kikuu: unasema nini? Jibu la hapo ndilo linalolinganishwa na lengo.

Nimefikiri sana kwa nini watoto wetu, na hata sisi watu wazima tunaorudi shule, tunateleza hapa. Naamini ni ule ufupisho tuliofundishwa. Ukiacha hoja, unakatwa alama. Tukakua tukijua kwamba jibu bora ni lile lililobeba mengi, na mzazi anamrithisha mtoto hivyohivyo wakati wa kumsaidia kazi za shule. Kwenye swali hili sentensi ndefu iliyokusanya vidokezo vitano inaweza kushindwa na sentensi ya maneno kumi. Kuacha kidokezo siyo kosa. Kuna vidokezo vimewekwa pale ili viachwe.

Ndiyo maana nasema soma lengo kwanza, kabla ya vidokezo. Yatenganishe madai yake. "Kusisitiza kufanana" lina dai moja. "Kulinganisha kina cha maziwa mawili" lina madai mawili: iwe ni kina, na maziwa yote mawili yawepo. Sentensi ikikosa hata dai moja, ikate. Bluebook ina kitufe cha kukatia majibu, na kijana akizoee mapema. Mara nyingi baada ya kukata hivyo inabaki sentensi moja, na vidokezo unavirudia kuhakikisha tu.

Lengo linalosumbua kuliko yote ni la hadhira. Wakati mwingine wanataka ziwa litambulishwe kwa watu wasiolijua, wakati mwingine kwa watu wanaolijua tayari, na neno moja tu ndilo linalotofautisha. Tuseme wanataka uitambulishe Tanganyika kwa msomaji anayeijua Baikal. Sentensi inayofaa ni kama hii: "Kama Baikal, Ziwa Tanganyika, lililopakana na nchi nne za Afrika, liko kwenye bonde la ufa na lina kina kirefu sana." Baikal imetajwa hivihivi bila maelezo, kwa sababu msomaji anaijua. Tanganyika imeelezwa iliko. Ikija sentensi inayoanza kueleza kwamba Baikal ni ziwa la Siberia, imemdharau msomaji wake, hata kama kila neno ni sahihi. Geuza lengo, sema msomaji hajui ziwa lolote kati ya haya, na sentensi ileile niliyoisifu inakuwa mbovu.

Kundi lingine ni la tafiti za kisayansi. Hapo vidokezo huchanganya watafiti walitaka kujua nini, walifanyaje, na waligundua nini. Lengo litaomba kimoja. Likiomba njia ya utafiti, sentensi yenye matokeo ya kusisimua haifai.

Sasa kuhusu muda. Sehemu hii ya kusoma na kuandika imegawanywa moduli mbili, yaani vipande viwili, kila moja maswali 27 kwa dakika 32, yaani sekunde 71 hivi kwa swali. Maswali ya vidokezo hukaa mwishoni mwa moduli, kijana akiwa amechoka na saa inamkimbiza. Pamoja na maswali ya viunganishi, yale ya kuchagua neno la kuunganisha sentensi, yanafikia 8 hadi 12 kati ya yale 54. Ndani ya moduli unaruhusiwa kwenda mbele na kurudi nyuma, kwa hiyo anayejua kwamba haya anayaweza anaweza kuyafanya kwanza, kichwa kikiwa bado kimetulia, kisha akarudi kwenye vifungu vigumu. Wengine wanapenda hivyo, wengine inawachanganya; ajaribu kwenye mitihani ya mazoezi kabla ya siku yenyewe. Mitihani hiyo iko bure ndani ya Bluebook, na Khan Academy, tovuti ya masomo, wana masomo ya bure pia. Jibu likikosewa hakuna alama inayokatwa, basi asiache swali tupu.

Mzazi mwenzangu ambaye Kiingereza chako hakijakaa sawa, usijitoe. Mwambie mtoto asome lengo, kisha akueleze kwa Kiswahili wanataka nini. "Wanataka niseme yanafanana, baba." Akishindwa kukuambia, au akikuambia kwa maneno mengi yanayozunguka, hajalielewa bado, na hakuna haja ya kutazama majibu. Akiweza, muulize tena kwa kila sentensi: hii imesema yanafanana? Hii je? Kazi hiyo unaiweza kabisa, na mimi naiona ina faida kuliko kumlipia mtu saa nyingi.

Akizoea, mpe zoezi la kuandika mwenyewe. Chukua vidokezo sita juu ya jambo lolote analolipenda, mpe malengo matatu, aandike sentensi tatu bila kuongeza habari yoyote ya nje. Sentensi ya kwanza itatoka ndefu, imebeba kila kitu. Mwache aisome kwa sauti mbele ya lengo, aanze kuifutafuta mwenyewe.

Zoezi hilohilo litamfaa akianza kuomba ufadhili wa masomo. Aandike vidokezo kuhusu maisha yake: alipozaliwa, lini mlihama, lugha anazozungumza, kazi anazosaidia nyumbani, somo analolipenda na lilivyoanza kumvutia. Kisha aweke swali la fomu juu ya karatasi. Kama wameuliza ni changamoto gani aliyoishinda, habari ya mlivyohama inaweza kuingia. Kama wameuliza kwa nini anataka kusomea uhandisi, habari ile ya kuhama ikae kwenye vidokezo, aandike somo lilivyoanza kumvutia, tuseme redio aliyoifungua vipande vipande na kuiunganisha tena.